Matangi ya Rulote kwenye Njia ya Kailo

Vijana wangu, siku mliponiaga gereji mlinikalisha kiti cha mbele, mkanipa limonadi, kisha mmoja wenu akauliza mbele ya wakubwa: "Muze Asumani, kazi yako ilikuwa nini kabisa?" Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini swali lile nilivuka nalo mto mpaka nyumbani Alunguli, na kwa kuwa sasa asubuhi zangu hazina kengele, nimekaa kulijibu. Habari za vyeo na mishahara nitaziacha. Vyeo vyangu sikuvielewa hata nilipokuwa navyo.

Kazi yangu ilikuwa kuzuia tangi la maji machafu lisianguke kutoka chini ya rulote. Ninyi mmezikuta rulote zimekufa nyuma ya gereji, kuku wanatagia ndani, kwa hiyo acha nieleze. Rulote ni nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na kamyo, yaani lori. Ndani ina vitanda, jiko, beseni la kunawia na choo kidogo kama sanduku. Chini ya sakafu kuna matangi mawili: moja la maji safi, na jingine la kupokea yote yanayoshuka kutoka beseni na choo, liyashike mpaka mfike mahali panapofaa kuyamwaga. Zetu ziliundwa Ulaya kwa ajili ya watu wanaokwenda kupumzika kando ya bahari, juu ya lami iliyonyooka kama meza. Sisi tukazipeleka Kailo na Punia. Hazikuulizwa.

Niliingia gereji nikiwa mtu mzima. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa mabati huku Alunguli, nikitengeneza ndoo, mabakuli, na taa za mafuta kutoka makopo. Nilikuwa sijaoa, jambo lililomsumbua mama yangu kuliko lilivyonisumbua mimi. Ulikuwa wakati nchi imebadilishwa jina, na mto, na pesa, na Wakristo wameambiwa waache majina yao ya ubatizo, hata gereji nzima ilikuwa ikiitana kwa kusitasita, kama wageni waliokutana arusini.

Siku yangu ya kwanza iliangukia Jumamosi ya Salongo, kazi ya lazima ya wananchi wote. Kila mtu alikuwa nje akifyeka majani kando ya barabara na kuimba, na mkubwa wa kunipokea alikuwa mbele yao akiinua panga ambalo halikugusa jani hata moja. Ndani ya gereji nilikuta miguu tu, imetokeza chini ya rulote.

"Nani?" miguu ikauliza.

"Njo miye Asumani, Baba. Fundi wa ndoo."

"Ndoo ikivuja, mama wa nyumba iko nakutukana. Hii ikivuja, kijiji muzima iko nakutukana. Ingia."

Nikaingia na shati langu jeupe la siku ya kwanza. Mwenye miguu alikuwa Fundi Ramazani, mtu mfupi, ndevu zimeanza mvi, mzaliwa wa Kalemie aliyejifunza kazi kwenye matangi ya mvuke ya mashua za ziwa. Rulote ile ilikuwa imerudi kutoka njia ya Kibombo, na tangi lake la nyuma lilikuwa linaning'inia kwa mkanda mmoja, kama sikio la mbuzi aliyeng'atwa na mbwa. Harufu sitaieleza. Nilitaka kutoka. Ramazani alikuwa amelala chali chini yake, ametulia kama mtu aliye kitandani kwake.

"Pua itazoea," akaniambia. "Mugongo njo hautazoea. Haya, sema: nini ilikata huu mukanda?"

Nikatazama. Nikasema ni kutu.

"Kutu ilikuta mutu amekufa tayari. Tazama tena."

Alinifundisha kwa njia hiyo, kwa kunirudisha. Ilinichukua asubuhi nzima kuona kwamba mkanda ulikuwa umesuguliwa na tangi lenyewe, likicheza mbele na nyuma kila kamyo ilipofunga breki, mpaka chuma kikawa chembamba kama karatasi ya sigara.

Wiki iliyofuata alinituma mtoni na ndoo. Kwanza alitaka niijaze mpaka juu na kuileta kichwani. Nikaileta, nikamwaga kidogo. Kisha akaniambia niende tena, niijaze nusu. Nilifikiri ananionea huruma. Ile nusu ndiyo iliyonishinda. Maji yalikwenda huku na huku, yakanivuta shingo, yakanipiga usoni, na wanawake waliokuwa wakipanda kutoka mtoni na mabeseni yao wakacheka mpaka mmoja akalazimika kutua lake. Nilipofika nimelowa, Ramazani hakucheka.

"Sasa unajua nini iko nasumbua tangi," alisema. "Si uzito. Ni maji yenye kuwa na nafasi ya kukimbia."

Tangu siku hiyo nilijua mambo ambayo bado ninayaona ni ya kweli, na kama mnataka kunitumia hata baada ya kuondoka kwangu, yatumieni haya. Tangi lisafiri limejaa au limemwagwa, lisiende nusu. Mikanda miwili peke yake haitoshi, hata ikiwa minene. Tangi linataka kitanda chini yake, ubao mgumu au bati nene linaloshika tumbo lote, kwa sababu plastiki ikibebwa mahali pawili tu huchoka na kubonyea katikati kama godoro la mtu mnene. Kati ya mkanda na tangi wekeni mpira wa pine, yaani tairi, iliyokufa. Msikaze mpaka tangi lilie: chasi ya rulote hujipinda kila shimo, na tangi lililofungwa kama mfungwa litapasuka badala yake. Na shingo, pale bomba linapoingia, msiweke bomba gumu. Wekeni kipande cha mpira, kiweze kucheza. Ramazani alikuwa akisema kwamba matangi hayafi kwa uzee, hufa kwa kunyongwa.

Alikuwa na nyundo ya mti, ya mpingo, aliyoitumia kugongea matangi kabla ya safari. Aligonga, akasikiliza, akasogea, akagonga. Mimi nilisikia ko, ko, ko. Yeye alisikia mahali ambapo plastiki imekuwa nyembamba. Nilidhani ananidanganya, mpaka asubuhi moja, baada ya muda mrefu sana wa ko, ko, ko, nilisikia moja iliyosema ka. Nikasimama na nyundo mkononi. Ramazani alikuwa amekaa kwenye rundo la tairi akinywa chai. Alimimina kikombe cha pili, akakisogeza upande wangu. Mpaka leo sijui sifa iliyo kubwa kuliko kikombe kile.

Sasa nifike kwenye njia ya Kailo.

Ugonjwa wa surua ulikuwa umeingia vijiji vya ng'ambo, na ilikuja amri kwamba rulote moja iandaliwe kwa ajili ya timu ya chanjo. Ndani waliweka friji ya mafuta ya taa ya kutunzia dawa, na vitanda viwili vya wauguzi. Mmoja wa wauguzi hao aliugua kabla ya safari, kwa hiyo akabaki mmoja, Faida, binti wa mwenye duka kutoka Kivu ya Kaskazini aliyefungua biashara hapa Kindu. Shoferi alikuwa Kitenge, mtu mkubwa aliyewahi kuchezea kikundi cha nyimbo za chama, na ambaye hakuweza kubadilisha gia bila kuimba. Wa tatu nilikuwa mimi, kwa sababu kulikuwa na jambo lililotangulia.

Kabla yetu timu nyingine ilikuwa imeipita Kailo na rulote yao wenyewe, mpaka kijiji kilekile tulichotumwa. Tangi lao lilivuja njia nzima, na kijijini waliegesha juu ya kilima, na chini ya kilima kile ndipo kilipo kisima cha watu. Watu waliharisha. Wengine walisema ni dawa yenyewe ndiyo sumu. Timu ile ilifukuzwa, na tangu hapo kijiji hakikutaka kuona rulote. Ndiyo maana Ramazani alikwenda kwa mkubwa akasema, "Hii haitatoka bila fundi." Kisha akanigeukia: "Miye magoti inakataa. Utakwenda weye."

Tulihamisha tangi kwanza. Lilikuwa nyuma kabisa, nyuma ya magurudumu, na tulijua kwamba kwenye baki, ile feri ya kuvushia magari, mkia wa rulote ungeshuka na kukwaruza ubao wa kupandia. Tukalileta katikati ya magurudumu, tukalipa kitanda kipya. Siku ya kuvuka, Ramazani alisimama ukingoni akiinama kutazama nafasi chini ya tangi, mkono wake umenyooshwa kana kwamba angelishika kama lingeanguka. Lilipita. Aliinua mkono uleule akatuaga.

Tulipoipita Kailo, barabara iligeuka kuwa kitu kingine. Kulikuwa na mizizi, na matuta madogo yaliyofuatana kama mbavu, na Kitenge aliacha kuimba, dalili ambayo baadaye nilijifunza kuiogopa. Tulifika kijijini mchana. Watu walisimama mbele ya nyumba zao bila kutusalimu. Aliyetujia alikuwa mama mzee mwenye fimbo, Mama Anifa, ambaye ndiye aliyekuwa mlinzi wa kisima. Bila ruhusa yake hakuna aliyefua wala kuoga karibu nacho. Hakumtazama Faida wala mimi. Alitazama chini ya rulote.

"Hii tumbo njo ile?" akauliza.

"Hapana, Mama," nikamjibu. "Ile ilikuwa ya watu wengine."

"Wale pia walisema ile haivuji."

Faida alimsalimu kwa kupiga goti, akamwambia kuna surua kijiji cha pili, na kwamba dawa haiwezi kukaa kwenye friji milele. Mama Anifa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimwita mwanamke mmoja alete jivu la mekoni. Akalichukua kwa mikono yake, akalitandaza chini ya tangi lote, laini na jeupe.

"Jivu haliko na rafiki," alisema. "Kesho asubuhi likiwa kavu, tutasema. Likiwa na tone, mutageuza."

Alipoondoka, nilijilaza pembeni nikatazama. Shingoni mwa tangi, pale bomba linapoingia, kulikuwa na unyevu. Haukuwa tone bado. Gereji ilikuwa imekosa mpira laini wakati wa kuondoka, tukalazimika kuweka bomba gumu, na zile mbavu za barabara zilikuwa zimelinyonga, kama Ramazani alivyokuwa akisema kila siku.

Nilimwambia Faida ukweli. Akauliza, "Unahitaji nini?"

"Tangi liwe tupu, na likauke."

"Basi tulimwage."

"Dada, si kazi yako hii."

"Nani njo alitia maji ndani yake njiani?" akasema, na tayari alikuwa akikunja mikono ya gauni.

Tulimwita Mama Anifa, tukamwomba atuonyeshe mahali pa kuchimba shimo, mbali na kisima, upande ambao maji ya mvua hayateremki kwake. Nadhani alitegemea tufanye kwa kujificha. Alitupeleka mwenyewe, akasimama na fimbo yake. Kitenge alichimba, nami na Faida tukabeba ndoo baada ya ndoo, tumefunga vitambaa puani, tukavuka kijiji kizima mbele ya watu. Hakuna aliyecheka. Katikati ya kazi, kijana mmoja wa nyumba ya kwanza alikuja akachukua jembe mkononi mwa Kitenge, akaendelea kuchimba.

Tangi lilipokauka, nilikata kipande kutoka bidoni, dumu la plastiki ya namna ileile. Nikatia kisu motoni, nikayeyusha kipande juu ya ufa wa shingoni kidogo kidogo, nikikibana na kisu baridi kila nilipoinua kile cha moto. Plastiki ina tabia ya mtu mwenye kiburi: ukiiharakisha huungua, ukichelewa hukataa kushikana. Kisha nikakata bomba gumu, nikaunganisha kwa mpira wa ndani wa tairi ya akiba, nikaufunga kwa waya. Tukatia maji safi kidogo tukatikisa. Faida alikuwa amelala upande wa pili wa tangi, shavu lake karibu na ardhi, akichungulia. Tulitazamana chini ya lile tumbo.

"Kuko kitu?" nikauliza.

"Hakuko," akasema. Kisha akatabasamu, na mimi nikasahau kwa muda kile nilichokuwa nikishika. Tukalijaza tangi maji safi, na Mama Anifa akatandaza jivu jipya.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amemleta mtoto wake, msichana mdogo, mwili una moto na vipele vimeshatoka. Hakungojea jivu. Faida alimpokea, akamwekea vitambaa vya maji, akampa alichokuwa nacho, akakaa naye. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba chanjo haina kazi tena kwa mtoto aliyekwisha kushikwa, na mapafu yake yalikuwa mabaya. Alikaa naye, nyumbani kwa mama yake, mpaka mwisho. Kulipokucha, mtoto alikuwa amefariki.

Mimi na Kitenge tulisikia kilio kabla ya kufungua mlango wa kamyo. Mimi nilitoka nikaenda kutazama jivu, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Lilikuwa jeupe, kavu, halina alama ila nyayo za kuku. Nikasimama pale, nikiona haya kufurahi. Faida alikuwa amerudi, amekaa kwenye ngazi ya rulote, mikono magotini. Nilidhani watatufukuza.

Mama Anifa alikuja kutoka nyumba ya msiba. Hakuinama kutazama jivu. Alilivuruga kwa mguu. Alikuwa ameshika wajukuu wake wawili, kila mmoja mkono mmoja.

"Hatungojei tena," alisema. "Anza na hawa."

Kufikia jua la kichwani, mstari ulikuwa umefika hadi barabarani. Alasiri tulikwenda wote kuzika. Sijawahi kuona kazi yangu ikiwa kubwa kama siku ile, wala ndogo kama siku ile.

Ile ilikuwa safari ya kwanza. Kwa misimu kadhaa ya ukavu tulitoka tena, sisi watatu na rulote ileile, Kailo, Punia, na vijiji ambavyo sasa barabara zake zimemezwa na msitu. Mlikuwa mkishangaa, mliposimuliwa, kwa nini nilikataa kila mara kuwa mkubwa wa ghala nikaomba kurudi njiani. Nilisema ni kwa ajili ya matangi. Ilikuwa kweli nusu, na ninyi mnajua sasa nusu inasumbua namna gani.

Nililala chini ya rulote kila asubuhi kukaza buloni, yaani bolti, naye Faida akawa juu yangu ndani, akinawa uso. Nilijua hatua zake. Nilijua maji yake yakishuka ndani ya bomba, kwa maana alitumia machache, na aliyamwaga polepole, tofauti na Kitenge aliyemwaga kama anazima moto. Wengine huanza kumpenda mwanamke kwa macho yake. Mimi nilianza kwa maji yake ya kunawia. Siombi mnielewe. Nilikuwa nikikaza buloni iliyokwisha kukazwa, ili nibaki pale mpaka amalize.

Jioni tulipika. Yeye alinifundisha maneno ya kwao Kivu, nikayaharibu, akacheka. Mimi nilimfundisha kugonga tangi kwa nyundo ndogo. Aliisikia ile ka upesi kuliko nilivyoisikia mimi, na hilo sikumwambia Ramazani.

Ramazani mwenyewe aliondoka katikati ya miaka hiyo. Magoti yalikataa kabisa, na ndugu zake walimwita Kalemie. Nilimsindikiza mpaka stesheni, nikabeba sanduku lake la vyombo, zito kama mtu. Nilifikiri, na sioni haya kusema, kwamba ataniachia ile nyundo ya mpingo. Treni ilipokaribia kuondoka aliniona ninavyolitazama sanduku.

"Hapana," akasema. "Vyombo vyangu ninaenda navyo. Weye uko na masikio."

Akapanda. Aliahidi kurudi kunitembelea, na ninaamini alikusudia. Lakini treni za upande ule zilizidi kuwa chache, kisha zikawa habari ya kuulizana tu: imepita? imekwama wapi? Habari ya kifo chake ilinifikia kwa mdomo wa abiria, ikiwa imechelewa sana hata sikujua nilie kwa siku ipi. Bado kuna asubuhi ninapotengeneza jambo vizuri na kugeuka kutafuta mtu aliyekaa kwenye rundo la tairi.

Kisha zamu ya Faida. Kampeni zilikwisha, friji ya mafuta ya taa haikupata tena mafuta, na yeye akaitwa kwenda Goma kufundisha katika shule ya wauguzi. Alikuja Alunguli mwenyewe kuniambia. Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia giza, akitambua watu kwa sauti. Alimshika Faida mkono muda mrefu. Tofauti ya dini ilikuwapo, baba yake msimamizi kanisani, na sisi watu wa msikiti tangu mababu. Lakini hayo, nadhani, yangeweza kuzungumzwa. Watu wamezungumza makubwa kuliko hayo.

Tulikwenda kungojea baki.

"Kuja na miye," akasema. "Kule pia kuko magari. Kuko matangi."

"Na mama?"

"Tumuchukue."

"Hatoki hapa, Faida. Anajua mahali pa kila kitu kwa mikono. Ukimutoa katika nyumba ile, utamufanya kipofu mara ya pili."

Niliona kwamba ameelewa, na ningependa angeelewa kidogo tu, abishane nami.

"Basi weye bakia hapa," nikamwambia.

"Wananingojea," akasema. "Hawa nitakaowafundisha watakwenda vijijini. Ile mutoto wa Kailo..." Hakumaliza.

Baki ilifika. Alipanda, akasimama kati ya baiskeli na magunia ya muhogo, akanitazama mpaka sikuweza tena kutofautisha kitambaa chake na vya wengine.

Sitasema kwamba nilikufa. Mwaka uliofuata, au baada ya hapo, nilimwoa Zuena, binti wa mtaa wa Mikelenge, mwanamke mwenye maneno machache na moyo mpana, na nimekuwa mume mwenye bahati. Alimtunza mama yangu kama wake. Niliendelea na kazi: rulote zilipokufa nilitengeneza matangi ya mashua, matangi ya juu ya paa, hata tangi la mtu aliyetaka kufugia samaki sebuleni. Yote niliyapa kitanda, yote niliyawekea mpira. Lakini halikuwapo tena hata moja lililonipeleka mbele ya Kailo.

Kisha, miaka michache kabla ya mimi kustaafu, nilikuwa juu ya ngazi gerejini, na mtu akasema chini yangu, "Asumani, bado unakaza iliyokazwa?"

Ilikuwa sauti ileile. Nilishuka polepole, kwa sababu magoti yangu nayo yalikuwa yameanza kukataa, na kwa sababu sikutaka kufika chini upesi. Faida alikuwa amenenepa kidogo, nywele zake za mbele nyeupe, miwani inaning'inia kifuani. Alikuwa amekuja kwa ndege na watu wa afya, kutembelea hospitali, na kesho yake asubuhi wangerudi. Hakuwahi kuolewa, alinieleza hilo kama mtu anavyoeleza njia aliyopitia, bila kulalamika. Wanafunzi wake walikuwa wametapakaa mpaka Walikale.

Tulitembea mpaka ukingoni mwa mto. Tulimtaja Kitenge, tukamtaja Mama Anifa, tukamtaja Ramazani. Baki ilikuwa imeharibika, mitumbwi tu ndiyo ilikuwa ikivusha watu.

"Mama yako aliishi siku nyingi kisha miye kuondoka?" akaniuliza.

"Nyingi sana. Mpaka mutoto wangu wa tatu."

"Alimujua? Yule mutoto?"

"Kwa mikono. Alisema ana paji la baba yangu."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akitazama maji.

"Basi ulifanya vema," akasema. "Nilitaka tu kujua kama kulikuwa na kitu upande ule uliochagua."

Nilitaka kusema jambo. Nililitafuta lile neno kama mtu anavyotafuta ufunguo wa kukazia gizani chini ya gari, mkono unapapasa, unajua upo. Lakini gari la watu wa hospitali lilikuja kumchukua, na dereva alikuwa na haraka.

Jioni nilipovuka kurudi nyumbani, Zuena alikuwa amekwisha kusikia. Kindu ni mji mdogo, na Alunguli ni mdogo zaidi.

"Mugeni amekula?" akaniuliza.

"Hapana."

"Sababu gani hukumuleta nyumbani?"

Hakuniuliza mara ya pili. Alipakua sombe, majani ya muhogo, na wali, sahani yangu, sahani yake, kisha akapakua ya tatu, akaiweka mkekani kati yetu, akaifunika. Tulikula, na ile ya tatu ilibaki imefunikwa mpaka tulipomaliza.

"Kesho ndege ikichelewa," alisema akikusanya vyombo, "nenda umulete. Miye nitapika mapema."

Kulipokucha nilivuka na mtumbwi wa kwanza. Nilisikia harufu ya moshi wa jiko la Zuena nyuma yangu. Alikuwa amekwisha kuwasha. Ninyi mnajua ndege zetu. Zilichelewa siku nzima, mara nyingine siku mbili, hata watu walipeleka mikeka uwanjani. Nilitembea kwa haraka kiasi magoti yalivyoniruhusu, nikipita mbele ya gereji bila kuingia, nikiwa nimevaa shati safi.

Ndege ile haikuchelewa.